Okito Alivyoipigia Timu Ngoma ya Msiba

Okito alikuwa mshona magunia. Kama ungetaka kumtambua katikati ya watu mia, ungetazama kidole gumba cha mkono wa kulia: kilikuwa kigumu kama kwato la mbuzi, kwa ajili ya kusukuma shazia, ile sindano kubwa ya magunia, tangu king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni. Mpunga wa Kibombo na wa Tunda ulifika Kindu kwa treni, ukakobolewa kwenye mashine ya Bwana Dekeyser, ukatiwa maguniani, na Okito akaishona midomo ya magunia kabla hayajapakiwa kwenye meli za kwenda Stanleyville. Miaka ishirini na miwili. Mikono ilikuwa imekwisha kujua kazi peke yake. Yeye alikwenda nayo tu, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Lakini si magunia yaliyomfanya ajulikane. Okito alikuwa na lukumbi.

Lukumbi ni gogo moja lililochongwa likawa na tumbo, jembamba juu, pana chini, na halina ngozi. Ukingo mmoja wa mdomo wake unasema nene, ukingo wa pili unasema nyembamba, na mtu aliyefundishwa huzipiga kingo hizo mbili kwa vijiti vyenye vichwa vya mpira mpaka maneno yatoke, yavuke mto Lualaba bila kulowa. Ile ya Okito haikuwa mali yake. Ilikuwa ya nyumba ya mama yake huko Tunda. Mjomba alimfundisha, na mjomba alipokufa, kaka mkubwa wa ukoo, Isidore, aliyeitwa Yaya kwa kuwa ni kaka, alimkabidhi kwa maneno mawili. La kwanza: lukumbi haisemi kitu kisichokuwapo. La pili: ngoma ya msiba haipigwi mpaka wenye maiti wamekutuma. Ukiharibu moja kati ya hayo, nitakuja kuichukua. Okito aliitikia, kama kila mtu anavyoitikia anapopewa kitu anachokitaka sana.

Sasa timu.

Mwaka wa hamsini na moja Bwana Dekeyser alirudi kutoka likizo kwao Ubelgiji na pete mbili za chuma, nyavu mbili na mipira mitatu. Akachimbia nguzo kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, nyuma ya mashine, akasema hapa tutacheza baskete. Kindu nzima hapakuwa na mahali mpira ulipodunda vizuri kama pale. Siku za kazi mpunga ulianikwa. Jumapili ulifagiliwa, na wachezaji wakaingia, wakiteleza kidogo juu ya makapi yaliyobaki. Timu ikaitwa Etwali, yaani Nyota. Wachezaji waliandikwa kwenye daftari la kampuni kama wapanga magunia, lakini hakuna aliyewaona wakipanga gunia hata moja. Kazi yao ilikuwa mpira, na mshahara wao ulikuwa wa mpira, na mtu hakunung'unika, kwa sababu walishinda.

Walishinda bwana! Waliishinda timu ya misheni, wakaishinda timu ya askari, wakaishinda timu ya reli mara tatu mfululizo. Alikuwapo Florentin, kijana wa Pangi, mrefu mpaka Okito alimpa jina la lukumbi siku ileile ya kwanza: Asiyeinama Anagonga Mlango. Kila mchezaji alikuwa na jina lake la ngoma, na Okito alipolipiga, mchezaji alilisikia mgongoni kama mtu aliyesukumwa. Mwisho wa mchezo alisimama kwenye ukingo wa sakafu, akaelekea mtoni, akapiga matokeo. Watu wa ng'ambo waliyapokea, wakajibu kwa lukumbi ya kwao. Jumapili iliyofuata mitumbwi ya Assani, mvushaji, ilivuka imejaa mpaka maji yakachungulia ndani.

Hayo njo yalikuwa maisha yake, ndiyo hayo, ukiyakusanya. Siku sita magunia, siku moja sauti.

Halafu Bwana Dekeyser akazeeka. Akaenda kukaa kwao, kampuni akamwachia mkurugenzi asiyejua mpira, na mkurugenzi akaiacha timu kwa komite. Komite ilikuwa na watu watano na mdomo mmoja. Mdomo huo ulikuwa wa Ferdinand, sekretere, karani mkuu wa ofisi ya mapokezi, mwenye kadi ya mstaarabu, ile Wabelgiji waliyowapa weusi waliosoma, kwenye mfuko wa shati na miwani aliyoivua kila alipotaka kusoma.

Ferdinand hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga. Alisema timu yenye heshima inahitaji wachezaji wenye cheti, kwa sababu kapiteni lazima aongee na mwamuzi kwa Kifaransa safi. Basi wakaondolewa wawili waliokuwa wakirusha vizuri, wakaletwa wawili waliokuwa wakiandika vizuri. Timu ikafungwa. Akasema kosa ni la mwalimu. Akaleta mwalimu mwingine. Ikafungwa. Akaleta wa tatu, ambaye aliwafundisha kuamkia watazamaji kwa mstari mmoja, mkono kifuani. Waliamkia vizuri sana. Walifungwa hamsini na mbili kwa kumi na nane.

Mwanzoni watu walikasirika. Hadidja, muuza vitumbua, aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za mashine, alikuwa akipiga kelele mpaka mafuta yakaungua:

"Weye mwenye cheti! Kikapu kiko juu, hakiko kwenye daftari!"

Watu walicheka, wakaudhika, wakaandika barua kwa komite na majina arobaini na vidole gumba sitini. Komite ikajibu kwamba inashughulika. Wakaandika tena. Komite ikajibu kwamba ilikwisha kujibu. Baada ya hapo watu walikaa tu. Hadidja alikaanga vitumbua vyake akiupa uwanja mgongo. Mitumbwi ya Assani ilivuka na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wanakwenda kwa shemeji zao.

Na Okito? Okito alikuja kila Jumapili. Alikaa mahali pake, lukumbi mapajani, akapiga majina ya wachezaji ambao hawakuyajua majina yao, na mwisho akasimama akapiga: tumefungwa. Tumefungwa. Tumefungwa. Mkewe, Philomène, alimuuliza siku moja:

"Baba Odile, kwani unaenda kufanya nini kule?"

Okito alifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Naenda," akasema.

"Inakuuma?"

"Hapana."

Njo hivyo hasa. Haikumuuma. Ulishawahi kuukalia mguu muda mrefu, ukausimamia, ukakuta haupo? Moyo wake ulikuwa hivyo kuhusu Etwali. Alijua uko mahali fulani hapo chini, lakini hata ungeuchoma kwa shazia usingestuka.

Walipofungwa mara kumi na nne mfululizo, Ferdinand alimwendea kazini. Alisimama mbali kidogo na vumbi la pumba.

"Baba Okito, ile ngoma yako inatuharibia."

"Inaharibu nini, Bwana Sekretere?"

"Watu wa ng'ambo wanasikia tumefungwa, hawaji. Mkurugenzi anaona uwanja mtupu. Sasa, komite imekaa, imeamua. Jumapili, hata tukifungwa, piga kwamba tumeshinda. Ng'ambo hawana macho ya kufika huku."

Okito alikata uzi kwa meno.

"Haiwezi."

"Haiwezi au hutaki?"

"Haijui. Mie naweza kukudanganya saa hii hii, Bwana Sekretere, nikakwambia una sura nzuri. Ile haijui."

Ferdinand akacheka, kwa sababu alidhani amesifiwa nusu. "Basi tukifungwa, nyamaza."

Okito alinyamaza Jumapili tatu. Jumapili ya tatu Assani alimngoja ufukoni, upondo begani. "Ndugu yangu, kunyamaza kwako kunasikika kuliko ngoma," akasema. "Kule ng'ambo wanahesabu ukimya. Mpaka sasa mmefungwa kumi na saba, ama nimekosea?" Hakukosea. Basi Okito akaanza tena kupiga, na Ferdinand hakusema kitu, kwa sababu alikuwa na jambo jipya la kupanga.

Jambo hilo lilijulikana Jumapili ya mchezo na timu ya reli. Ulikuwa wakati wa mapumziko, Etwali iko nyuma kwa pointi kumi na tisa, kumi na moja kati ya zake zimefungwa na Florentin peke yake. Alikuwa ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wa zamani. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu, mpira mkononi, jasho likidondoka kwenye saruji. Ferdinand akatoka na karatasi. Akavua miwani.

Akasoma kwamba komite, kwa kujali maendeleo ya timu, imepata jezi mpya za rangi ya samawati. Akasoma kwamba mwalimu wa sita atafika mwezi ujao. Akasoma kwamba kwa mahitaji ya msimu wa mpunga, mpanga magunia Florentin amepangiwa kupima mpunga Kibombo, ataondoka kwa treni ya Alhamisi. Komite inamshukuru.

Florentin ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Alimtazama Ferdinand, kisha akautazama mpira kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine. Akainama, yeye asiyeinama, akauweka chini. Sakafu ile ilikuwa na mteremko kidogo, wa kutiririsha maji ya mvua. Mpira ukaanza kwenda wenyewe, polepole, ukapita kati ya miguu ya wachezaji wenye vyeti, ukaingia mferejini.

Hakuna aliyepiga kelele. Hadidja peke yake aligeuka, mwiko mkononi.

"Wamemaliza," akasema, si kwa sauti. "Baba Odile, umeona? Wamemaliza."

"Nimeona."

Kipindi cha pili kilichezwa. Walifungwa sitini na nne kwa ishirini. Mwamuzi akapuliza, watu wakaanza kujikung'uta, na Okito akasimama kama kawaida, akaelekea mtoni, akatia kamba ya lukumbi shingoni. Alikuwa anakwenda kupiga: tumefungwa. Hilo lazima lieleweke, kwa sababu baadaye wengi walisema alipanga. Hakupanga. Alinyanyua vijiti, na mikono, ile mikono iliyojua kazi peke yake, ikapiga kitu kingine.

Ikapiga: mikono kichwani, mikono kichwani, wekeni mikono kichwani.

Hiyo ni ngoma ya msiba. Hakuna mtu wa Maniema asiyeijua. Hata waliolelewa misheni huijua kwa mgongo. Wachezaji wa reli waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Okito akajisikia anapiga. Angeweza kuacha hapo, akasema vijiti vimeteleza. Alijua anachokiweka hatarini: Tunda, mjomba, Yaya Isidore, maneno mawili. Aliyaona yote, wazi kabisa, na hayakumsogeza hata unywele. Akaendelea mpaka mwisho, mahali pa jina la marehemu, akapiga jina: Etwali. Akarudia mara tatu, kama desturi ilivyo. Akakaa.

Lukumbi ya ng'ambo ikaipokea, ikaipeleka mbele. Mbali zaidi, upande wa kusini, ikasikika nyingine.

"Umefanya nini?" Ferdinand aliuliza.

"Nimepiga."

Kabla ya nusu saa mitumbwi ikaonekana. Si miwili, si mitatu. Assani alikuwa mbele, na nyuma yake kila kilichoelea. Watu wa ng'ambo walikuwa wamesikia msiba, na kwa msiba mtu hangoji kuelezwa. Huchukua mkeka, huchukua kuni, akaja. Wanawake walipanda ufuko mikono kichwani wakilia, vilemba vimefunguliwa, mmoja na kuku chini ya kwapa, na wanaume nyuma na mafungu ya kuni. Jina Etwali walilisikia, lakini kila mtu alidhani ni mtu fulani wa timu. Mama mmoja mzee alimshika Okito mabega.

"Ni nani, baba? Njo mutoto gani?"

"Njo timu, mama."

"Nani wa timu?"

"Yote."

Mama yule alimwachilia. Kilio kilikatika kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa cha mtu wa nyuma kabisa ambaye hakusikia. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamesimama kwenye sakafu ya kuanikia mpunga, na kuni, na mikeka, bila maiti.

"Basi turudi," mtu mmoja akasema kwa hasira.

"Na hizi kuni?" akauliza Assani. "Nani wa kurudi nyumbani kwake na kuni za msiba? Weye? Ingia mtumbwi wa mwingine."

Kuni zilizokwisha kutoka kwa ajili ya kifo hazirudishwi chini ya paa. Zinachomwa pale zilipofikia. Basi wakaziwasha, kando ya nguzo ya kikapu. Mkiwa mmewasha moto, mtakaa. Wakakaa. Na mkiwa mmekaa msibani, kuna jambo moja lazima lifanyike, vinginevyo watu hawawezi kuondoka: yule aliyeishi na marehemu husimama mbele ya wote na kuueleza ugonjwa, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na waliokuja humuuliza.

Hadidja akafuta mikono kwenye kitenge. Akasimama.

"Sie tumekuja tumelia. Aliyekuwa na mgonjwa nyumbani asimame, atueleze."

Watu wakageuka, wote kwa pamoja. Ferdinand alikuwa anaingiza karatasi zake kwenye mkoba. Alianza kwa Kifaransa.

"Kiswahili, Bwana Sekretere," Assani akasema kwa adabu. "Marehemu hakusoma."

Kicheko kidogo kikapita, kikazimwa, kwa sababu ni msiba. Ferdinand akatazama mlango wa uwanja. Mlango ulikuwa umekaliwa na wanawake. Akavua miwani, akavaa.

"Komite ilifanya yote iliyoweza," akasema.

"Ehee," watu wakaitikia, kama wanavyoitikia msibani.

"Alianza kuugua lini?" Hadidja akauliza.

"Nani?"

"Marehemu."

Ferdinand akapekua mkoba wake. "Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

"Ehee."

"Na kabla ya mwezi wa tatu alikuwa anakula vizuri?"

"Alikuwa... timu ilikuwa inashinda, ndiyo."

"Mwezi wa tatu mlimpa nini?"

"Tulibadilisha wachezaji wawili. Wenye cheti."

"Ehee."

"Halafu akazidiwa?"

"Matokeo hayakuwa mazuri. Tukabadilisha mwalimu."

"Akapona?"

"Hapana. Tukabadilisha mwingine."

"Waganga wangapi, baba?" akauliza yule mama mzee, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, kwa sababu alikuwa amesahau kabisa kwamba hakuna maiti.

"Watano," Ferdinand akasema. "Wa sita anakuja."

"Anakuja kumtibu nani?" Assani akauliza.

"Na mguu wake," Hadidja akasema, "ule mmoja aliobaki nao, uliokuwa unamsimamisha. Leo saa ya mapumziko nani aliukata?"

Ferdinand akaufunga mkoba, akaufungua tena. Jasho lilikuwa limetoka chini ya kola. Florentin alikuwa amekaa kwenye mkeka wa watu, magoti juu, akitazama moto.

"Nani, Bwana Sekretere? Msibani hawafichi."

"Ni komite."

"Komite njo nani?"

"Mimi," Ferdinand akasema. "Ni mimi."

"Ehee," watu wakaitikia, na desturi ikawa imetimia.

Ingefaa kusema Okito alifurahi. Alikuwa ameingoja siku ile tangu mwaka jana, yeye na Kindu nzima. Alikaa na lukumbi yake mapajani, akamsikiliza Ferdinand akisema mimi, akajitafuta ndani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hapakuwa na kitu. Akaona kuku wa yule mama amefunguka kamba, anaokota punje za mpunga kwenye nyufa za saruji. Akamtazama kuku.

Gari la mkurugenzi lilipita jua likishuka. Akaona umati, akasimamisha. Ferdinand akakimbia mpaka dirishani. Hakuna aliyesikia walichosema, lakini wote walimwona mkurugenzi akitabasamu na kunyanyua kofia. Jumatano karatasi ilibandikwa kwenye lango la mashine: mkurugenzi anampongeza sekretere kwa kurudisha watazamaji mia mbili uwanjani. Hadidja aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaenda zake kukaanga.

Lakini kabla ya Jumatano ilikuwapo Jumanne, na Jumanne alishuka Yaya Isidore kwenye treni ya Kibombo. Mtu mfupi, mwenye mafua, na kitambaa cheusi kichwani na mbuzi kwenye kamba. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye magunia. Okito alimwona, shazia ikabaki katikati ya gunia.

"Uko hai," Isidore akasema.

"Niko hai, Yaya."

"Philomène?"

"Yuko hai."

"Odile?"

"Yuko hai."

Isidore akapenga kamasi. Akafungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. "Basi nieleze."

Okito alimweleza nyumbani, mbuzi akiwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Hakuficha kitu. Isidore alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake.

"Ngoma kumi na moja," akasema. "Kutoka hapa mpaka Tunda kumi na moja zimepokea maneno yako. Njiani jina likawageukia, kwa sababu hakuna aliyejua mtu anayeitwa Etwali. Waliojua mkono wako wakasema ni nyumba ya Okito. Mama yako mdogo amenyoa nywele, unaelewa? Wazee kumi na mmoja wamesema kitu kisichokuwapo kwa kukuamini weye."

"Timu imekufa, Yaya."

"Jumapili watacheza?"

"Watacheza."

"Basi umempigia msiba mtu anayepumua. Na wenye maiti walikutuma?"

"Hapana."

"Yote mawili, basi," Isidore akasema, na akaonekana amechoka. "Ningependa ungeniachia hata moja."

Philomène alipiga magoti. Akasema shemeji, mtu huyu ana nini kingine? Mtazame. Magunia na ile ngoma, basi. Ukimchukulia, utaniachia gunia. Isidore akamtazama Okito, akingoja naye aombe. Alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu huyo alikuwa anataka aombwe. Okito alijua neno moja tu lingetosha. Alifungua mdomo, na neno halikuwapo. Akainuka, akaitoa lukumbi kwenye kitambaa chake, akaiweka mbele ya kaka yake, na vijiti juu, vyote viwili, vimelingana.

Alhamisi Okito alimsindikiza kaka yake stesheni. Florentin alikuwa tayari ndani ya behewa, na sanduku lake la mbao na barua ya kampuni ya kwenda kupima mpunga. Lukumbi haiwekwi sakafuni penye miguu ya watu, na Isidore alikuwa na mbuzi wa kushika, kwa sababu mbuzi wa msiba usiokuwapo hakuna aliyethubutu kumchinja. Florentin akanyoosha mikono dirishani.

"Nipe mie, Baba Odile. Nitaipakata."

Akaipakata. Magoti yake yalikuwa marefu, ikakaa vizuri. Treni ilipotikisika, kidole chake kiligonga ukingo mara moja kwa bahati, upande mnene, na Okito akaisikia mpaka ilipoisha.

Jumapili akaenda uwanjani. Philomène hakumuuliza kitu. Alikaa mahali pake, mikono juu ya mapaja matupu. Jezi zilikuwa za samawati kweli. Kapiteni aliongea na mwamuzi kwa Kifaransa kizuri. Hadidja akamletea vitumbua viwili kwenye jani, akaketi kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakusema neno la matusi mpaka mwisho. Ndipo Okito alipojua kwamba anaonekana kama mfiwa.

Mchezo ulipokwisha alisimama, akaelekea mtoni. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye ukingo wa sakafu, halafu, kwa vile hapakuwa na cha kufanya pale, ikampeleka mpaka ufukoni. Assani alikuwa anachota maji kwenye mtumbwi kwa kopo.

"Ng'ambo wananingoja," Assani akasema. "Sasa ni mie njo ngoma yao. Ngapi?"

Okito akafikiri. Alikuwa ameutazama mchezo wote, hakusinzia, hakugeuza kichwa. Akatafuta hesabu, akakuta haiko.

"Tulifungwa," akasema.

"Hilo nililijua tangu asubuhi, ndugu yangu," Assani akasema, akatia upondo majini.